Kapteni Mbaye Diagne darasani: maswali ya wasomaji kuhusu kufundisha moyo wa kujitoa

Barua tatu zilizotufikia karibuni zinahusu jambo moja, nasi tumeona zijibiwe kwa pamoja. Mbili zinamtaja Kapteni Mbaye Diagne, mwanajeshi wa Senegali aliyeokoa watu mjini Kigali mwaka 1994 wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wa Rwanda. Ya tatu haimtaji, lakini jibu lake haliwezi kupatikana bila yeye.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha somo la Uraia kidato cha pili katika shule ya kutwa mkoani Morogoro. Tulipofika kwenye mada ya maadili niliwasimulia wanafunzi habari za Kapteni Mbaye Diagne nikitarajia waguswe. Kijana mmoja alisimama akasema kwamba mtu mwenye mke na watoto, akaenda kufa kwa ajili ya watu asiowajua, hakutumia busara. Mwingine akauliza kwa nini tumsifu askari aliyekiuka maelekezo ya wakubwa wake. Darasa likacheka, kengele ikalia, nami sikuwa na la kuwajibu. Je, mfano wa askari wa vitani unawafaa kweli watoto ambao, Mungu akipenda, hawataiona vita maishani mwao? Na kama unafaa, nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wako wawili wameuliza maswali ya maana sana, na ninakuomba uyaandike yote mawili ubaoni mwanzoni mwa kipindi kijacho, kabla hujasema neno lingine. Ugumu ulioupata, ninavyouona mimi, ulitokana na mahali ulipoanzia. Wengi wetu tukisimulia habari za shujaa tunaanza na kifo chake, au tunaharakisha kukifikia, kwa sababu kifo kinanyamazisha darasa na mwalimu huona ukimya ule kama dalili kwamba somo limeingia. Lakini Diagne hakuchagua kufa. Tarehe 31 Mei 1994 alikuwa anarudi makao makuu ya kikosi cha Umoja wa Mataifa akiwa na ujumbe kutoka kwa mkuu wa jeshi la serikali kwenda kwa kamanda wa kikosi hicho, Jenerali Roméo Dallaire. Kombora la mota lilianguka karibu na kizuizi cha barabarani alikokuwa amesimama, kipande chake kikapenya ndani ya gari kutokea nyuma, kikamuua palepale akiwa na umri wa miaka 36. Siku ile alikuwa anafanya kazi yake ya kawaida. Ukilifanya kombora lile kuwa kilele cha simulizi, mwanafunzi ataondoka akiamini kwamba kujitoa maana yake ni kufa, na kwa kuwa hataki kufa, ataona kwamba habari hiyo ni ya watu wa aina nyingine kabisa. Somo lenyewe limo katika siku 54 zilizotangulia, kuanzia tarehe 7 Aprili.

Anza, basi, na hali aliyoikuta, na uanzie karibu na nyumbani. Kikosi alichokuwamo Diagne kiliundwa na Umoja wa Mataifa mwezi Oktoba 1993 ili kusimamia mkataba wa amani uliotiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti mwaka huohuo kati ya serikali ya Rwanda na waasi wa chama cha RPF. Ndege iliyotunguliwa Kigali usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ikiwa imembeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilikuwa inatoka Dar es Salaam, kwenye mkutano wa viongozi wa kanda kuhusu amani hiyohiyo. Mwanafunzi wa Morogoro akilijua hilo, Kigali haitakuwa tena jina la mbali.

Asubuhi iliyofuata Waziri Mkuu, Bi Agathe Uwilingiyimana, aliuawa, na askari kumi wa Ubelgiji waliokuwa wametumwa kumlinda walinyang'anywa silaha, kisha wakauawa wao pia. Watoto wa Waziri Mkuu walikuwa wamefichwa katika nyumba za wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa jirani na kwao. Diagne alikuwa mwangalizi wa kijeshi, na waangalizi hawakubeba silaha. Alikwenda walikokuwa wamefichwa watoto wale, akawachukua, akawasafirisha wakiwa wamefichwa ndani ya gari hadi hoteli ya mjini Kigali iitwayo Hôtel des Mille Collines, alikokuwa anakaa, na baadaye wakatolewa nchini wakiwa hai. Maelekezo ya kikosi yaliwataka askari wasijiingize katika mapigano na wasionekane kuegemea upande wowote. Yeye alitoka hivyohivyo, mikono mitupu.

Hapo ndipo ningekushauri utue. Simulizi nyingi humrukisha msikilizaji kutoka tendo hili la kwanza hadi sifa za mwisho, na kilichopo katikati hupotea, ilhali katikati ndiko kwenye utajiri wote. Baada ya watoto wale Diagne alirudi tena mjini, siku baada ya siku. Alikuwa akienda mahali ambapo watu walijificha, akiwapakia watatu, wanne au watano katika gari jeupe la Umoja wa Mataifa, akiwapitisha kwenye vizuizi vya barabarani vilivyoshikwa na wanamgambo wa Interahamwe, waliokuwa wakiua Watutsi, na askari, kisha akiwashusha mahali palipokuwa na ulinzi kiasi. Vizuizi vilikuwa vingi, na kila kimoja kilikuwa na watu wenye mapanga na marungu, baadhi yao wamelewa, wenye uwezo wa kufungua mlango na kumtoa abiria bila kumwuliza mtu. Alichokuwa nacho yeye ni tabasamu, mizaha, sigara za kugawa, wakati mwingine pesa, na sura ambayo walinzi wa vizuizi walikwisha kuizoea kwa sababu alikuwa hakosekani barabarani. Waliookoka kwa njia hiyo wanahesabiwa kwa mamia.

Waambie wanafunzi wazichukue takwimu hizo mbili na kuzitafakari wenyewe: mamia ya watu, na gari la watu watano. Watatambua bila kuambiwa kwamba alilazimika kurudi mara nyingi mno, na kwamba kila alipoondoka na watano, wengine walibaki mafichoni wakisikiliza gari likienda zake, wakitegemea kwamba mtu huyo asiyewadai wala kudaiwa nao angekumbuka kurudi. Ujasiri wa mara moja hata mtu mbinafsi anaweza kuwa nao, kwa hasira au kwa kutaka kuonekana. Kurudi kwenye kizuizi kilekile kesho yake, ukiwa umekwisha kukijua, ndiko kunakoonyesha kwamba mtu ameacha kujihesabu yeye kwanza. Na kurudi ni jambo ambalo kijana wa kidato cha pili analijua vizuri: ni rahisi kumtembelea hospitalini mwenzako siku ya kwanza darasa zima linapokwenda, na ni vigumu wiki ya tatu, wakati hakuna anayeuliza tena habari zake.

Sasa turudi kwa kijana aliyeuliza kuhusu maelekezo. Usimjibu kwa kusema kwamba Diagne alikuwa sahihi kwa sababu baadaye alisifiwa. Ni kweli kwamba tarehe 8 Mei 2014 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2154, lilianzisha nishani ya ushujaa wa kipekee inayoitwa kwa jina lake, na kwamba mwezi Mei 2016 nishani ya kwanza kabisa ilikabidhiwa kwa mjane wake na watoto wao. Lakini mwanafunzi mwerevu atakuuliza: je, kama asingepewa nishani? Ni afadhali uwape darasa maswali mawili ya kulipima tendo lenyewe. La kwanza: uhai wa nani uliwekwa rehani? Diagne hakuwaamuru askari walio chini yake waende badala yake. Alikwenda mwenyewe, na wale aliowabeba walikuwa tayari katika hatari kubwa zaidi pale walipokuwa. La pili: maelekezo yale yalikusudiwa kulinda nini? Kikosi kilitumwa kulinda amani, na kutojiingiza kulikuwa njia tu ya kulifikia lengo hilo. Amani ilipokwisha kuvunjika na raia wakawa wanachinjwa, njia ilibaki ikitetewa na lengo likasahaulika. Jenerali Dallaire alijua alichokuwa akikifanya ofisa wake, na hakumzuia. Mjadala huu utachukua nusu ya kipindi, na inafaa uchukue. Wapo watakaobaki na msimamo kwamba jeshi lisilotii ni hatari, nao wana haki ya kubaki nao, maana waliokuwa wanaua Kigali nao wengi walidai kwamba wanatii.

Kijana wa kwanza, yule wa mke na watoto, ana hoja nzito zaidi, na wewe usijaribu kuishinda. Diagne alikuwa na mke na watoto wawili wadogo nchini Senegali, na muda wake wa kazi Rwanda ulikuwa unakaribia kwisha. Watoto hao wamekua bila baba. Miaka 22 ilipita kati ya mazishi yake na siku familia ilipokabidhiwa nishani. Wema wa mtu mmoja ulilipiwa pia na watu ambao hawakuulizwa, na tukilificha hilo tunawafundisha watoto uongo mtamu. Lakini mwulize kijana huyo swali moja tu na umwache nalo: watu waliokuwa mafichoni, nao hawakuwa na wake, waume na watoto? Usidai ajibu hadharani.

Kuna jambo jingine ambalo wasimuliaji wengi huliacha, nami ninaliona la lazima. Diagne hakuwa peke yake. Tarehe 21 Aprili 1994, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912 la kukipunguza kikosi kutoka takribani askari 2,500 hadi 270. Naibu kamanda, Jenerali Henry Anyidoho wa Ghana, alikataa kuondoka na watu wake, na askari waliobaki, wengi wao Waghana, walizidi idadi iliyoruhusiwa. Maelfu ya raia walikuwa wamejibanza katika uwanja wa michezo wa Amahoro, mjini Kigali, chini ya ulinzi wa wanajeshi hao wachache. Safari za Diagne zilihitaji mahali pa kuwashushia watu, na mahali hapo palikuwapo kwa sababu wengine nao walikataa kupanda ndege. Ukimsimulia kama mtu wa ajabu aliyesimama pekee dhidi ya dunia, wanafunzi watampenda, lakini watamweka mbali, mahali pa watu waliozaliwa na kipaji. Ukiwaonyesha mlinzi wa lango, dereva, mpishi wa hotelini na askari wa Ghana aliyekesha uwanjani, kila mmoja atapata mahali anapoweza kujiona.

Kwa utaratibu, ningetumia vipindi viwili. Katika cha kwanza chora ubaoni ramani nyepesi ya Kigali yenye hoteli, uwanja wa michezo, uwanja wa ndege na barabara zenye vizuizi, usimulie hadi safari za gari, kisha usimame hapo bila kuwaambia mwisho wake. Cha pili kiwe cha maswali mawili yaliyo ubaoni, na kifo chake ukitaje kwa sentensi mbili karibu na mwisho. Kitu kimoja tu ninakusihi usikifanye, nacho ni insha ya "Ningekuwa mimi, ningefanya nini?" Wote wataandika kwamba wangeokoa watu, kwa sababu wanajua mwalimu anataka kusoma nini, na utakuwa umewapa alama kwa kujisifu katika somo ambalo lilikusudiwa kuwafundisha kinyume chake. Waombe badala yake waandike ukurasa mmoja kuhusu mtu wanayemfahamu, aliye hai, ambaye huwafanyia wengine jambo fulani mara kwa mara bila kutangaza, na waeleze linamgharimu nini: saa ngapi, shilingi ngapi, usingizi kiasi gani. Ruhusu majina yasiandikwe.

SWALI: Mimi ni mama wa mtoto wa darasa la tano, wilayani Ngara. Mwanangu amesikia habari za kapteni huyo kwa kaka yake, na sasa anataka kujua kwa nini watu walikuwa wanauawa. Hapa kwetu mambo ya mwaka 1994 hayako mbali, wazee wanayakumbuka. Ninaogopa kumtia hofu, na vilevile ninaogopa kusema neno litakalomfanya awatazame vibaya wenzake wenye asili ya ng'ambo ya mto. Nimwambie kiasi gani?

JIBU: Mama, hofu zako zote mbili ni za haki, na ya pili ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Kwa hofu ya kwanza, mtoto wa umri huo anaweza kubeba ukweli kwamba watu wengi sana waliuawa bila kosa, mradi usimweleze namna walivyouawa. Mpe habari ya kapteni kwa upande wa safari: gari, barabara, vizuizi, mizaha aliyowatania walinzi, watu waliojikunyata kwenye viti vya nyuma wakinyamaza kimya. Akiuliza kwa nini waliuawa, mwambie kwamba viongozi fulani, kwa kutaka kubaki madarakani, waliwafundisha watu kwa miaka mingi, na hata kwa redio, kwamba jirani zao Watutsi ni adui. Kwamba wengi waliamini wakaua, na wengine walikataa, na baadhi ya Wahutu waliokataa waliuawa pia. Maneno hayo ni mafupi na ni ya kweli. Usiruke sehemu ya redio na mafundisho, kwa sababu bila hiyo mtoto atabaki akidhani kwamba kabila moja lilizaliwa baya.

Kwa hofu ya pili, wewe uko mahali pagumu kuliko mwalimu wa Morogoro. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa takribani saa 24, na kambi ya Benaco ikageuka mji mkubwa kwa siku chache. Wengi wa waliovuka walikuwa Wahutu waliokimbia vita iliyokuwa inasonga mbele. Miongoni mwao walikuwamo watu wasio na hatia yoyote, watoto kwa wazee, na walikuwamo pia waliotoka kuua. Wajukuu wa watu wa kila aina wanaweza kuwa wamekaa dawati moja na mwanao leo. Mwambie wazi kwamba hapaswi kumwuliza mwenzake familia yake ilikuwa upande gani, na kwamba mtoto habebi alilofanya babu yake. Kama wazazi au bibi na babu zako walikuwapo Ngara wakati ule, waombe wamsimulie mtoto walivyopokea wageni, waligawana nini, walipoteza nini: kuni, maji, mashamba yaliyokanyagwa, miti iliyokatwa. Wapo wenyeji waliotoa bila kuuliza mpokeaji ni nani, na wapo waliolalamika kwa haki kwamba mzigo umewaelemea. Mtoto asikie yote mawili kutoka kwa watu anaowaamkia shikamoo kila asubuhi.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Shuleni kwetu tunaambiwa kwamba kujitolea ni sifa ya mwanafunzi bora. Lakini kujitolea kwenyewe ni kuteka maji na kutafuta kuni siku ya Jumamosi kwa ajili ya nyumba za baadhi ya walimu, na asiyekwenda huadhibiwa Jumatatu. Nikikataa, je, mimi ni mbinafsi?

JIBU: Hapana, mwanangu, wewe si mbinafsi. Unachokieleza ni kazi ya kulazimishwa, na haibadiliki kwa kupewa jina zuri. Hilo linanihuzunisha kwa sababu linaharibu pande mbili: linamchosha mtoto, tena linamfanya achukie jambo jema ambalo jina lake limetumiwa vibaya.

Kumtazama Kapteni Diagne kutakusaidia kuona tofauti. Hakuna aliyemtuma kwenye zile nyumba. Maelekezo aliyokuwa nayo yalimtaka asijiingize. Hakuna ambaye angemwadhibu kama angekaa hotelini. Na manufaa ya kazi yake yaliwaendea watu wasio na uwezo wowote wa kumlipa wala kumwinua cheo. Katika habari yako kila kitu kiko kinyume: umeamriwa, unatishiwa, na manufaa yanampandia mwenye mamlaka juu yako. Historia yetu ya vita ina mfano mchungu wa jambo hili. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1914 na 1918, majeshi yaliyopigana Afrika Mashariki yalibebewa chakula na risasi vichwani na mamia ya maelfu ya wapagazi, na makumi ya maelfu walikufa kwa homa, kuhara na njaa. Wengi walikamatwa vijijini na kupelekwa kwa nguvu. Tunapaswa kuwakumbuka, na sanamu iliyoko Nairobi inamwonyesha mpagazi pamoja na askari, lakini anayewaita watu hao mfano wa kujitolea anawadhulumu mara ya pili, kwa kuwa anafuta kosa la waliowalazimisha. Hilo halimaanishi kwamba wao kwa wao hawakusaidiana njiani. Alipogawana mpagazi mmoja kibaba chake na mgonjwa, hilo lilikuwa lake mwenyewe.

La kufanya sasa ni hili. Usigome peke yako, wala usimjibu mwalimu mbele ya wenzako, maana utaadhibiwa wewe na desturi itaendelea. Mweleze mzazi au mlezi wako kwa utulivu, ukitaja siku, kazi mliyofanya na adhabu iliyotolewa, na umwombe azungumze na wazazi wengine wawili au watatu, kisha waende pamoja kwa mkuu wa shule. Wasiposikilizwa, bodi ya shule ipo kwa ajili ya mambo kama hayo. Tenga katika maelezo yako kazi zinazowahusu ninyi wote, kama kufagia darasa, kusafisha vyoo mnavyovitumia au kumwagilia bustani inayowalisha, kwa kuwa hizo ni zamu za haki na ukizichanganya na zile za nyumba za walimu utaidhoofisha hoja yako. Na Jumamosi itakapokuwa yako tena, kama yupo mwenzako aliyekosa masomo kwa ugonjwa au asiyeona vizuri ubaoni, mpelekee daftari lako la hisabati, ukae naye mpaka amalize kunakili, na urudi Jumamosi inayofuata.